Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tathmini ya Utendaji Kazini

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha madaktari wa wanyama, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka wa pili wa uongozi wangu.

Shughuli za kawaida zimefanyika kama mnavyozijua. Semina za robo mwaka zilikuwapo, kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwapo, na kikao na wanafunzi wa mwaka wa mwisho kilikwenda vizuri. Jarida limetoka mara mbili badala ya mara nne, kwa kuwa waandishi ni wale wale na mmoja wao ni mimi. Mjumbe mmoja wa Kamati Tendaji alijiuzulu kwa sababu nitakayoifikia. Hesabu ataziwasilisha Mhazini.

Takwimu za uanachama nazitoa kwa mkupuo, maana kuzirudia kunaumiza. Daftari lina wanachama 212. Waliolipa ada hadi tunafunga hesabu ni 88. Wenye deni la miaka miwili au zaidi ni 61, na kati yao wapo waliowahi kushika nyadhifa katika chama hiki. Mkutano Mkuu uliopita ulihudhuriwa na wanachama 47 wakati akidi ni theluthi moja. Tukauahirisha kwa siku 14 kama katiba inavyoelekeza, na siku ya marudio wakaja 39. Idadi hiyo naomba muikumbuke, kwa sababu ndiyo kiini cha manung'uniko niliyoyasikia mwaka mzima.

Sasa nije kwenye uamuzi wa kuanzisha tathmini ya utendaji, yaani madaktari kukaguliwa ujuzi wao kazini na wenzao. Imesemwa, na kuandikwa kwenye kundi letu la WhatsApp, kwamba Kamati Tendaji ilijitwalia madaraka. Si kweli. Suala hili lilikuwa ajenda ya saba ya mkutano ule ulioahirishwa. Katiba inasema wazi kwamba mkutano wa marudio ni halali kwa idadi yoyote itakayofika. Wanachama 39 walijadili, wakapiga kura, wakaikabidhi Kamati kazi ya kuandaa utaratibu na kuuanza kwa majaribio. Rasimu ya kwanza niliiandika mwenyewe, nje ya saa za kazi, na ikasambazwa kwa wanachama wote. Maoni yaliyorudi kwa maandishi yalikuwa matano. Ndugu yetu aliyejiuzulu alitaja kutoshirikishwa, lakini sahihi yake ipo kwenye mahudhurio ya vikao vyote viwili vilivyopitisha rasimu. Namtakia heri.

Kwa wasioisoma rasimu, utaratibu ni huu. Mwanachama ambaye malalamiko matatu ya aina moja yamepokelewa dhidi yake ndani ya miezi 24, au anayeomba mwenyewe, hutembelewa na wenzake wawili wa fani yake wasiogombania naye wateja. Wakaguzi hao wawili husoma majalada 20 ya wagonjwa yaliyochaguliwa bila mpangilio, humtazama akifanya kazi, kisha hukaa naye. Ripoti huenda kwake na kwa jopo la tathmini tu. Ikibainika pengo, hupangiwa mafunzo na mwenzake wa kumwongoza, halafu hutembelewa tena. Hakuna faini wala jina kutangazwa. Anayekataa kabisa kufanyiwa tathmini, jalada lake la malalamiko hupelekwa kwenye baraza la usajili. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichozua kelele, na sijaona sababu ya kukiondoa. Utaratibu ambao mtu anaweza kuukataa bila lolote kumfika utawafaa wale tu ambao tayari wanajiangalia.

Wapo waliouliza: kwani kamati ya nidhamu kazi yake nini? Swali ni la haki, na nitalijibu kwa kirefu kuliko wengine wangependa.

Nidhamu na utendaji ni mambo mawili. Chukueni Uingereza, ambayo wengi wenu huitolea mfano. Sheria ya Madaktari wa Wanyama ya mwaka 1966 inaruhusu kamati ya nidhamu ya Royal College of Veterinary Surgeons, chombo kinachosajili madaktari wa wanyama huko, kumfuta au kumsimamisha daktari kwa mambo ya aina tatu: kutiwa hatiani mahakamani kwa kosa linalomfanya asifae kazi hii, mwenendo wa aibu katika taaluma, na kujisajili kwa udanganyifu. Daktari mwaminifu, asiyelewa kazini, asiyeghushi vyeti vya chanjo, ambaye hata hivyo upasuaji wake umebaki palepale alipouacha chuoni, sheria ile haikumtungia mlango. Madaktari wa binadamu wa nchi hiyohiyo walipata sheria mahususi ya utendaji mwaka 1995, ikaanza kazi 1997. Pasipo mlango wa namna hiyo, baraza hubaki na njia mbili: kuuita udhaifu wa ujuzi kuwa ni aibu, na hivyo kumwonea mtu, au kufunga jalada, na hivyo kumwonea mnyama na mwenye mnyama. Mimi sikutaka chama chetu kiendelee kuchagua kati ya uonevu na uonevu.

Wengine wanasema saa za mafunzo endelevu zinatosha. Haohao Waingereza wanataka saa 35 kwa mwaka, na sina ugomvi nazo. Lakini saa zinapima kukaa kitini. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwaka 2012 mapendekezo ya umahiri anaopaswa kuwa nao mhitimu siku yake ya kwanza kazini. Vyuo vinayasoma. Je, mwaka wake wa 25 kazini, mhitimu yuleyule anaulizwa na nani? Mzee wetu mmoja alisimama mkutanoni akasema mganga hajigangi, akaketi. Sikuwa na la kuongeza, ingawa naona leo naongeza.

Hoja iliyonigusa zaidi ilitoka kwa wenzetu wa hospitali za rufaa: kwamba tukihesabu vifo tutawaadhibu wanaopokea wagonjwa mahututi. Ni hoja ya watu wanaojua kazi, na rasimu iliizingatia tangu mwanzo, laiti ingesomwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza kuhusu vifo vya nusukaputi na dawa za kutuliza, uliochapishwa mwaka 2008, ulipata vifo vya asilimia 0.17 kwa mbwa, 0.24 kwa paka na 1.39 kwa sungura. Ukitenganisha wagonjwa, sura inabadilika kabisa. Kwa mbwa wenye afya ilikuwa asilimia 0.05, kwa mbwa wagonjwa 1.33. Kwa paka, 0.11 dhidi ya 1.40. Kwa hiyo jopo letu haliruhusiwi kutaja kifo chochote bila daraja la hatari la mgonjwa, lile la 1 (mwenye afya) hadi 5 (mahututi) tunalolijua sote, ambalo lazima liwe limeandikwa kabla ya sindano ya kwanza na si baada ya msiba.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba takriban nusu ya vifo vya mbwa na zaidi ya nusu ya vifo vya paka vilitokea baada ya upasuaji kwisha, vingi vikiwa ndani ya saa tatu za kwanza. Ndiyo maana wakaguzi wetu huuliza swali linalowaudhi baadhi yenu: mrija wa hewa ukishatolewa, nani anabaki na mgonjwa, na anaandika nini? Hilo halihitaji mashine ya bei mbaya. Linahitaji mtu aliyepewa jukumu na karatasi mbele yake.

Mwaka huu zimefanyika tathmini sita. Nne ziliombwa na wanachama wenyewe, jambo ambalo wapinzani wa mpango hawalitaji. Kosa lililoongoza ni kumbukumbu mbovu. Uzito wa mnyama haukuandikwa, hivyo hakuna awezaye kusema kama dozi ilikuwa sahihi. Antibiotiki zilitolewa kwa kila kikohozi bila sababu kuandikwa, nasi ndio tunaohubiri majukwaani kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwenye majalada ya ng'ombe wa maziwa, muda wa kusubiri baada ya dawa kabla ya maziwa kuuzwa haukuonekana kwenye mengi, na mfugaji asipoambiwa atakamua na kuuza. Upande wa upasuaji, pengo moja lilikuwa la kutohesabu vitambaa vya kufyonza damu kabla ya kufunga tumbo. Yote haya yanarekebishika kwa miezi michache, na wawili kati ya sita wameshatembelewa mara ya pili na kufunguliwa njia.

Limesemwa pia kwamba taaluma yetu imeelemewa, na tathmini itaongeza mzigo. Silipuuzi hilo. Tafiti za Uingereza zimeonyesha kiwango cha kujiua miongoni mwa madaktari wa wanyama kinachofikia mara tatu hadi nne ya kile cha jamii kwa jumla. Kwa sababu hiyo rasimu inalitaka jopo liulize kwanza kuhusu afya na mzigo wa kazi kabla ya kugusa ujuzi, na mwenye kuugua hupelekwa kwenye msaada, si kwenye ripoti. Lakini niseme na upande wa pili. Daktari kijana aliyeachwa peke yake na upasuaji usiomwendea vizuri, asiye na wa kumuuliza, huyo naye ameelemewa, na barua ya wakili wa mteja haitampunguzia mzigo.

Kuhusu neno “upelelezi” lililotumika dhidi ya wakaguzi wetu, ambao wanafanya kazi hii bila posho na wakati mwingine kwa nauli yao, nitanyamaza kwa heshima ya kikao.

Kwa mwaka ujao, tunakusudia kuongeza wakaguzi, hasa wa upande wa kuku na farasi ambako tuna upungufu, na kuzungumza na vyuo kuhusu mafunzo ya marudio. Upo pia mpango wa programu ya kompyuta ya kutunza majalada, fedha zikipatikana. Baraza la usajili limeonyesha nia ya kuutazama utaratibu wetu, na tunatumaini mazungumzo yataendelea.

Azimio la kuufanya utaratibu huu kuwa wa kudumu litapigiwa kura katika Mkutano Mkuu huu, na lipo azimio pinzani la kuusitisha. Yote mawili yataingia kwenye ajenda bila upendeleo. Nimepitia majina ya waliotia sahihi azimio pinzani nikiwa na daftari la Mhazini mkononi. Ibara ya ada inasema mwanachama mwenye deni hana kura. Meza ya Mhazini itafunguliwa saa moja kabla ya kikao, na stakabadhi zitatolewa papo hapo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti