Rashidi, kabla hujapiga hodi Ngamiani

Tandika, Dar es Salaam

Ndugu yangu Rashidi,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mama mguu unaendelea vizuri. Chande amenipa salamu zako, na habari kwamba umeshanunua bomba la mgongoni, wiki ijayo unaanza kupita nyumba kwa nyumba Ngamiani kupulizia kunguni. Nimefurahi sana. Ila usiku sikupata raha, nikaona nikuandikie, maana kwa simu utanikatisha na "sawa, sawa" zako.

Kwanza, neno kunguni usilitamke mlangoni. Watu wanaamini ni uchafu, wakati yule mdudu anaingia na kochi la mtumba au begi la mgeni, nyumba iwe safi isiwe safi. Ukisimama uani ukauliza nani ana kunguni, hata anayejikuna atakataa. Mimi nasema napulizia wadudu wa ndani, mende, viroboto, na wale wa kitandani, basi, nanyamaza. Mama mmoja wa Mtoni alinijibu hana shida, akafunga mlango. Sijafika barabarani, mwanawe huyo mbio: "Mama anasema uje saa nane, wenzake wakiwa hawapo."

Sasa hapo ndipo penye kazi. Ukienda hiyo saa nane ukapiga chumba kimoja kimyakimya, umechukua hela ya mtu bure. Nyumba ya wapangaji dari ni moja. Wadudu watahamia kwa jirani na dawa ikiisha nguvu watarudi. Kwa hiyo anza na mjumbe akutambulishe, kisha mwenye nyumba. Yeye akitangaza kwamba vyumba vyote vinapigwa dawa, hakuna anayenyooshewa kidole. Yule mama wa Mtoni nilimwendea kwa njia hiyo, na mpaka leo hakuna aliyejua chanzo ni chumba chake.

La pili ni mayai, na hapa nakusihi unisikilize. Fungua chaga, umulike kwa tochi ya simu kwenye matundu ya skrubu na mishono ya godoro. Utayaona, meupe, kila moja kama milimita moja, yameganda. Dawa nyingi haziyaui. Baada ya wiki moja au siku kumi hivi yanaanguliwa, na mteja anaona umemtapeli. Lazima urudi baada ya wiki mbili, na safari hiyo ya pili iwe ndani ya bei tangu mwanzo. Mimi nachukua nusu siku ya kwanza, nusu nikirudi. Kuna wanaochukua zote wakapotea, ndiyo maana milango mingine inafungwa kabla hujamaliza salamu. Mteja akikuona umerudi bila kupigiwa simu, yeye mwenyewe atakupeleka kwa dada yake. Shuka na nguo waambie wafue kwa maji ya moto sana. Joto linaua mpaka mayai.

Halafu dawa. Utaambiwa ipo ya shambani, bei chee, inaua papo hapo. Rashidi, usiiguse! Mle ndani analala mtoto mchanga. Tumia iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani, pima kama lebo inavyosema, na ulizia kibali kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kabla hujaanza, si baada ya kukamatwa. Nikifikiria mtu akikwambia ongeza kidogo ili... basi, umenielewa.

Na ile safari ya pili, tafadhali, usije ukaiacha hata kama Pongwe nzima inakuita.

Mjumbe wenu bado ni Mzee Shekue? Bei umepanga kwa chumba au kwa nyumba? Barakoa na glovu umenunua, au pesa yote imeishia kwenye bomba? Asha na hiyo mimba, nguo zako za kazi atafua nani? Na Ijumaa ijayo nikija Tanga, utanipitisha kwenye nyumba ya kwanza tuipige pamoja?

Wako,
Juma