Viwanja vya halmashauri visiuzwe wakati wazee hawana pa kuishi: barua ya wazi kwa Mwenyekiti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,

YAH: KUTENGA VIWANJA VYA HALMASHAURI KWA NYUMBA ZA WAZEE

Bajeti ikibana, macho ya kikao hugeukia viwanja: karakana ya zamani, maegesho yasiyojaa, jengo la ofisi lililofungwa na kuachiwa popo. Hutangazwa, mwenye dau kubwa hupewa, na fedha zikiingia humalizika kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Naomba utaratibu huo usimame, na viwanja vilivyo karibu na huduma vitengwe kwa nyumba za kupanga za wazee wenye kipato kidogo.

Anayenunua kiwanja katikati ya mji hairudishi fedha yake kwa miujiza. Huirudisha kupitia kodi ya nyumba, mwezi kwa mwezi, na mzee anayeishi kwa pensheni hana pa kuiongezea. Saruji na nondo hazitofautiani sana kwa bei kati ya pembezoni na katikati. Kinachotofautiana ni ardhi, na ardhi hiyo mnayo tayari. Kwa hiyo halmashauri inaweza kushusha kodi bila kupunguza ubora wa nyumba, jambo ambalo mwekezaji wa kawaida haliwezi hata akiwa na moyo mzuri.

Sisemi mtoe bure. Ikodisheni ardhi kwa muda mrefu, hata miaka 99, kwa ushirika wa nyumba au shirika lisilogawana faida, umiliki ubaki kwenu. Masharti yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe: kodi ifungwe kwenye kipato cha mpangaji, nyumba zisiuzwe, na sharti likivunjwa ardhi irudi. Azimio la kikao hufutwa na kikao kinachofuata. Mkataba una mahakama nyuma yake.

Jiji la Vienna lina mfuko wake wa ardhi tangu 1984. Waombaji wa ardhi hiyo hawashindanishwi kwa dau tu. Jopo hupima pia ubora wa michoro, gharama zitakazomwangukia mpangaji, mazingira, na jinsi watu watakavyoishi pamoja. Singapore imekwenda njia nyingine: mtu wa miaka 55 na zaidi anaweza kununua nyumba ndogo ya umma kwa umiliki wa miaka 15 hadi 45, mradi umfikishe angalau umri wa miaka 95. Muda ukipungua, bei nayo hupungua. Hatuna haja ya kunakili mji wowote, ila kisingizio kwamba ardhi ya umma lazima iende kwa mwenye fedha nyingi hakina mguu wa kusimamia.

Sasa kuhusu mahali. Kuna kishawishi cha kuwapeleka wazee kwenye kiwanja cha mbali kwa sababu hakuna mwingine anayekitaka. Huko zahanati ni safari, duka ni safari, na asiyeendesha gari hubaki ndani akisubiri mgeni. Ni afadhali nyumba chache mjini kuliko nyingi huko. Tena ziwe za kuishi mtu ambaye magoti yamechoka: mlango usio na kizingiti, upana wa kupitisha kiti cha magurudumu, vishikio bafuni, taa ya kutosha kwenye korido. Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka ni sababu ya pili duniani ya vifo vya majeraha yasiyokusudiwa, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kishikio cha ukutani ni rahisi kuliko nyonga iliyovunjika, na fedha za hospitali pia ni za umma.

Wapo madiwani watakaosema wazee wana watoto. Wengine wanao, wengine hawana, na wengine wanao watoto waliobanana chumba kimoja na familia zao. Tusipange mji kwa kubahatisha uzazi wa mtu.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni ugawaji. Nyumba nzuri, za bei nafuu, mjini: kila mwenye jina atakuwa na shangazi anayestahili. Vigezo vitangazwe kabla msingi haujachimbwa, orodha ya kusubiri ionekane na waombaji kwa namba zao, na anayekataliwa aandikiwe sababu na aoneshwe pa kukata rufaa. Bila hayo, mradi utaharibika hata ukijengwa vizuri.

Ombi langu la kuanzia halihitaji bajeti. Kabla kikao hakijapitisha uuzaji mwingine wowote, chapisheni orodha ya viwanja vyote vya halmashauri: kilipo, ukubwa, kinatumikaje, nani anakikalia na kwa mkataba gani. Ibandikeni ofisi zote za kata, na mtupe muda wa kuisoma na kuleta maoni kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa mji,

Mkazi na mlipa kodi