Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, Assalam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Karakana yetu ya useremala hapa Ngamiani, Tanga, imefanya kazi mwaka mzima, msumeno wa umeme umebadilishwa beringi, mbao za mtiki wa shamba la miti la Longuza tumeleta mara tatu, wafiwa wawili tumewashika mkono. Tuko 46. Ada ya 5,000 kwa mwezi ilipaswa kutupa 2,760,000, zimeingia 1,415,000. Umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, haungoji mtu, na mara mbili nimeununua kwa fedha zangu.

Sasa sanduku la simu. Tangu Juni kila fundi anaweka simu humo saa 2 asubuhi na kuichukua saa 6 mchana, kwa mapumziko ya saa nzima. Kwa hilo nimeitwa dikteta kwenye kundi letu la WhatsApp, na ujumbe wenyewe ulitumwa saa 4 asubuhi, watu wakiwa kazini.

Nani amesahau kitanda cha Mei? Mteja alitaka tano kwa sita. Kijana wetu alikuwa na simu imeegemezwa kwenye kopo la gundi, video zinapita, akakata mbao zote mbili za ubavu futi 5 badala ya 6. Mtiki mzima, umekwishapigwa randa! Nilizishika mbao zile mkononi, nikanyamaza. Mteja alirudishiwa fedha yake. Na namshukuru Mungu ilikuwa mbao, haikuwa vidole.

Mnasema kutazama simu ni dakika moja tu. Binti yangu aliyeko chuoni alinisomea utafiti wa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine: aliyekatizwa kazi huchukua wastani wa dakika 23 hivi kabla ya kuirudia. Wengine wametaja haki za wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Sisi tunapumzika baada ya 4.

Hoja yenu kwamba wateja huwatumia picha za sampuli kwa simu ina uzito, siikatai. Ndiyo maana simu ya karakana iko wazi kwa katibu kutwa nzima, na namba yake imeandikwa kwenye kibao cha nje. Aliyepoteza mteja nilimwomba aje tuzungumze. Hadi leo hajaja mtu.

Uamuzi wa sanduku ulipitishwa kikaoni. Tulihudhuria 19, na katiba inataka theluthi moja. Wanaolalamika zaidi hawakuwepo, wala ada hawajalipa.

Mwakani, Inshallah, tutaona uwezekano wa vijana wetu kuomba mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na mashine ya pili hali ikiruhusu.

Sanduku nimeligonga mwenyewe, Jumapili, kwa mbao zangu. Ufunguo anao katibu.

Mwenyekiti