Uvimbe si lazima uwe saratani, na tezi dume si ugonjwa

Mhariri,

Shangazi yangu alipopigwa ultrasaundi aliambiwa ana "uvimbe kwenye kizazi", basi. Akarudi nyumbani na cheti mkononi, usiku hakulala, na kesho yake akaanza kutuusia juu ya wanawe. Kumbe zilikuwa fibroidi, nyama zinazoota kwenye misuli ya mji wa mimba. Wanawake wengi wanazo bila kujua, na ni nadra sana kukuta saratani humo.

Neno uvimbe tumelitwisha mzigo mkubwa. Kifundo cha mguu kikiteguka ni uvimbe, jipu ni uvimbe, na seli zinazozidi kugawanyika bila mwili kuzihitaji nazo ni uvimbe. Hizo za mwisho ndizo madaktari huziita neoplasia, neno lenye asili ya Kigiriki, yaani uotaji mpya. Hata hilo halimaanishi saratani moja kwa moja. Uvimbe usio saratani hukua palepale ulipo. Saratani hupenya nyama za jirani, tena huweza kusafiri kwa damu au limfu (majimaji yanayopita katika mishipa yake mwilini) hadi viungo vya mbali. Mara nyingi kutambua uvimbe ni wa aina gani kwa kupapasa tu haiwezekani, hukatwa kipande kidogo cha nyama kikaangaliwa kwa hadubini. Na saratani ya damu kwa kawaida haina uvimbe wa kushika kabisa.

Linaloniuma zaidi ni "tezi dume". Redioni na magazetini utasikia "mzee fulani anaugua tezi dume". Jamani, kila mwanamume amezaliwa nayo! Imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, ndiyo maana ikitanuka mkojo hutoka kwa kukatika. Kutanuka huko kunakokuja na umri si saratani wala hakugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kupatwa na yote mawili, kwa hiyo apimwe.

Nawaomba waandishi wenu waandike "kutanuka kwa tezi dume" au "saratani ya tezi dume", kadiri ilivyo. Waandike "uvimbe usio saratani", au "uvimbe ambao haujapimwa". Na daktari anayeandika uvimbe kwenye cheti amweleze mgonjwa, kabla hajainuka kitini, ni wa aina gani, na kama bado haujajulikana, kipimo gani kinafuata na lini.

Msomaji wenu