Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa: kibali kitangulie tangazo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia kuhusu pambano la ubingwa wa uzito wa welter ambalo faili lake liko mezani kwako. Mabondia wenyewe sitawataja, maana ningeandika haya haya hata wangekuwa wengine. Mmoja wao amepigwa kwa KO, yaani kuangushwa asiweze kuendelea, juzijuzi tu, tena na mtu wa uzito wa juu kuliko wake. Tarehe imeshatangazwa na tiketi zinauzwa, lakini kibali bado kinasubiri saini yako. Naomba usisaini.

Nimekaa kwenye kona ya ulingo, nikihudumia mabondia, miaka mingi, nikishika ndoo, barafu na taulo. Kila nikisikia bondia anarudishwa ulingoni haraka namna hii, namkumbuka Benny Paret.

Paret alikuwa bingwa wa welter kutoka Cuba. Tarehe 1 Aprili 1961 Emile Griffith alimnyang'anya mkanda wa ubingwa kwa KO ya raundi ya 13. Tarehe 30 Septemba Paret akaurudisha kwa pointi, baada ya raundi 15 ambazo hata majaji hawakuafikiana. Hakupumzika. Tarehe 9 Desemba alipanda uzito wa kati kumkabili Gene Fullmer, akapigwa vibaya hadi KO ya raundi ya 10. Siku 105 baadaye, tarehe 24 Machi 1962, alikuwa tena ulingoni Madison Square Garden, New York, akitetea mkanda mbele ya Griffith yule yule.

Yaani katika muda usiotimia mwaka alikuwa na KO mbili, na katikati yake raundi 15 ngumu. Hesabu hiyo haikuwa siri. Kuna watu walikuwa nayo, na kibali kikatoka.

Usiku ule, mwishoni mwa raundi ya 6, Paret alimwangusha Griffith. Fikiria hilo, Mheshimiwa. Mtu aliyebakiza raundi sita tu za maisha yake ya ngumi alikuwa bado na nguvu ya kumlaza mpinzani wa daraja lile. Tangu nilipolielewa jambo hili, sijaamini tena maneno ya "nimemwona jimu, yuko fiti". Jimu unaona miguu na pumzi. Ubongo huuoni.

Raundi ya 12 Griffith alimbana kwenye kona akamshushia ngumi mfululizo, na Paret akawa anazuiwa na kamba asianguke. Refa Ruby Goldstein alipoingilia, Paret aliteleza taratibu hadi chini, na hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 3 Aprili, akiwa na umri wa miaka 25. Lawama nyingi zilimwangukia Goldstein, na ni kweli alichelewa. Lakini refa alikuwa na sekunde chache za kuamua. Waliotoa kibali walikuwa na siku 105.

Daktari wako anayajua haya kuliko mimi, ila nitayasema kwa ajili ya wengine watakaosoma. Kuna mishipa midogo ya damu inayotoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando unaoufunika. Ngumi ikizungusha kichwa ghafla, mishipa hiyo huvutika na inaweza kukatika. Damu hujikusanya chini ya utando na kuubana ubongo, na fuvu halitanuki. Ubongo uliotikiswa huhitaji muda kupona; ukipigwa tena kabla haujapona, huumia zaidi. Halafu uzito wa welter una kikomo cha pauni 147, na wengi hukifikia kwa kujikausha maji siku za mwisho. Mwili huo huo ndio unaopanda ulingoni siku inayofuata.

Na bondia hasemi. Niliwahi kumsikia mmoja akiniambia chumbani, wakati namfunga bandeji, kwamba kichwa kinamuuma tangu sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzake, ya wiki iliyopita. Nikampa maji, nikamwambia atulie. Daktari alikuwa mlango wa pili na sikwenda kumwambia. Kijana alishinda na akarudi kwao salama, lakini mimi sijawahi kuuona ule kuwa usiku wa ushindi. Nilinyamaza kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa.

Kwa hiyo ninachoomba ni mpangilio: kibali kije kwanza, tangazo lifuate. Daktari anayeletewa bondia wiki ya pambano anajua hoteli zimelipwa na runinga imeshapanga muda wake. Kumtaka yeye aseme hapana wakati huo ni kumtwisha mzigo ambao wakubwa waliukwepa miezi mitatu nyuma. Promota asiruhusiwe kutaja tarehe kabla bondia aliyepigwa KO hajapigwa picha mpya ya ubongo, ikalinganishwa na ya zamani na daktari asiyelipwa na kambi yoyote. Kocha naye aandike na kusaini yaliyotokea kwenye sparingi, maana KO za jimu haziingii kwenye rekodi ilhali kichwa ni kile kile. Na adhabu ya kupumzishwa iliyotolewa kwingine iheshimiwe. Marekani ililiweka hilo la mwisho kwenye sheria ya mwaka 1996, ili bondia aliyesimamishwa jimbo moja asikimbilie jingine.

Utaambiwa kwamba Kell Brook, bondia wa Uingereza, alifanya hivyo hivyo na yuko hai. Ni kweli. Septemba 2016 alipanda uzito wa kati akapigana na Gennady Golovkin, mfupa wa jicho la kulia ukavunjika na kona yake ikarusha taulo raundi ya 5. Lakini alifanyiwa upasuaji, na zaidi ya miezi minane ikapita kabla hajatetea mkanda wake wa welter mbele ya Errol Spence, Mei 2017. Hata hivyo jicho la pili nalo likavunjika, akapiga goti raundi ya 11. Aliweza kuamua kupiga goti. Paret hakuipata nafasi hiyo.

Najua pia kwamba kwa bondia huyu nafasi ya mkanda inaweza isirudi, na kwamba nyuma yake kuna familia inayosubiri malipo. Sipuuzi hilo hata kidogo. Nimeishi na watu hawa. Ndiyo maana naomba uandikie chombo kinachosimamia mkanda kimhifadhie nafasi yake hadi apone. Vyombo hivyo huweka mabingwa wa muda pale bingwa anapoumia, basi na mpinzani aliyeumia asubiriwe.

Kama barua hii itakukuta umeshasaini, naomba ututangazie jambo moja kabla ya siku ya kupima uzito: picha ya ubongo aliyoiona daktari wako ilipigwa tarehe gani.

Wako mtiifu,
Mtu wa kona