Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lamu

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu wa watoto waliozaliwa na tawi la ziada kwenye koo la hewa, assalaam aleikum.

Hesabu atazisoma mweka hazina, ila niseme mapema kwamba michango yenu mingi ilikwenda kwenye nauli: boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Mombasa, kwa watoto walioandikiwa picha ya CT, ile ya kuonyesha ndani ya kifua. Sijutii hata shilingi.

Kikao kilichowafaa wengi mwaka huu ni kile cha pafu la mbuzi. Tulilinunua buchani zima na koo lake, mhudumu wetu wa afya akalipasua kwenye sinia mbele ya kina mama. Kwa kawaida koo la hewa la binadamu hugawanyika matawi mawili, la kulia na la kushoto. Mbuzi ana tawi jingine linalochomoza upande wa kulia, juu ya mgawanyiko huo, ndivyo alivyoumbwa. Mama mmoja alitia kidole tunduni, akasema, “Kumbe ndilo hili la mwanangu!” Ndilo. Mapafu huanza kuchipuka yapata wiki ya 4 tangu mimba kutunga, mama mwenyewe pengine hajajua kama ana mimba, na matawi hugawanyika katika wiki zinazofuata. Kwa hiyo maneno ya jicho, na ya alichokula mama, naomba yaishie mlangoni.

Wengi wenye tawi hilo huishi hadi uzeeni bila habari. Wengine makohozi hutuama humo, nimonia ikawa inarudi pale pale, na mtoto akatibiwa pumu miaka. Kifua kikirudi upande uleule, msiondoke na pampu tu. Ulizeni habari ya picha.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni nusu kaputi. Mpira wa kupumulia ukipitishwa kooni unaweza kuziba mdomo wa tawi hilo, na sehemu ya juu ya pafu la kulia ikanywea. Daktari wa usingizi akijua mapema, huuweka mpira wake kwa hadhari. Baba mmoja aliniuliza, “Hata tohara?” Hata tohara, ikiwa mtoto atalazwa usingizi.

Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, ambao hawajaandikisha watoto wamwone katibu leo.

Nimeleta kalamu nyekundu. Kila mwenye mtoto aliyekwisha kupigwa picha aandike majibu juu ya jalada la kadi ya kliniki, si ndani. Kadi zipite kwa katibu kabla ya chai.