Vibonzo havipimwi kwa kisa peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika, lakini makala yenu ya kupima vitabu vya vibonzo vilivyoteuliwa kuwania Tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi na za kufikirika, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu kakipa kila kitabu alama kati ya kumi, kisha akatangaza mshindi. Kura ya Hugo haiendi hivyo. Mpiga kura hupanga walioteuliwa kwa mfuatano, 1, 2, 3, na akitaka huweka "bila tuzo" juu ya wasiomridhisha. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho huondolewa na kura zake huhamia chaguo linalofuata. Kwa hiyo kitabu kilichopendwa na wengi kama cha pili kinaweza kukipita kilichoanza mbele.

Kosa kubwa zaidi: mmehukumu kisa tu. Kuhusu picha, sentensi moja, "michoro inavutia". Inavutia kwa lipi? LaGuardia, kilichoshinda 2020, mmekiita kitabu cha Nnedi Okorafor mkaishia hapo. Okorafor aliandika, Tana Ford akachora, James Devlin akatia rangi. Huwezi kusifu taarab kwa kumtaja mtunzi wa mashairi ukawaacha mwimbaji na wapigaji! Anayejua kupima hukipitia kibonzo mara mbili. Kwanza hasomi neno: anatazama kama kisa kinafuatika kwa picha tupu, mlango uko upande gani, sura ya mhusika ni ileile ukurasa wa 5 na wa 50. Mara ya pili anasoma viputo, yale maputo yenye maneno ya wahusika. Cha juu kushoto husomwa kwanza, hivyo anayeuliza akichorwa kulia na kiputo chake kikabaki huko, jibu linatangulia swali. Kisha anaangalia kufunua kurasa. Jambo la kushtua hukaa ukurasa wa kushoto, nyuma ya karatasi. Likiwekwa kulia, jicho limeshaliona kabla hujalifikia.

Juzi, katika duka la vitabu hapa mjini, kijana mmoja alilalamika kwamba kimojawapo "kinachanganya". Alikuwa anakisoma kwenye simu iliyosimama wima. Fremu, yaani visanduku vya picha, za mstari wa juu zilivuka mkunjo wa katikati kwenda ukurasa wa pili, yeye anaonyeshwa wa kushoto peke yake, basi anateremka chini kabla mstari haujaisha. Simu ilipolazwa, kurasa mbili zikakaa pamoja na kisa kikanyooka. Hilo makala haikuligusa, na wasomaji wa huku wengi wanasomea simu.

Na kibonzo chenu cha Jumamosi! Mmekibana safu mbili kupisha tangazo la viwanja, maneno yamekuwa sisimizi, saini ya mchoraji imekatwa nusu.

Safari ijayo ombeni ruhusa mchape ukurasa mmoja mzima wa kila kitabu, upana wa safu tano, ukubwa wa herufi usipungue pointi 8, na chini yake majina ya mwandishi, mchoraji na mtia rangi. Kazi ya kupima mpeni mtu anayeshika brashi. Arusha imejaa wachora mabango.

Msomaji wenu,
Sakina, Arusha